Ukurasa Mumoja wa Deborah

Mutu anaishi miaka sabini na moja bila kuandika hata barua ya harusi, kisha wanamuletea daftari na kumwambia: mama, andika habari ya Philomène. Kama munaijua, kwa nini hamuiandiki ninyi wenyewe? Na kama hamuijui, mulikuwa mukipita kwenye kibanda chake kila siku kuangalia nini? Kalamu hii inatoa wino pale inapotaka yenyewe, na herufi zangu zinapanda mulima kama mbuzi. Anayetaka kucheka herufi aende akasome gazeti.

Philomène ni mwanamuke wa Kikula, sehemu moja ya muji wetu wa Likasi. Baba yake aliletwa zamani kutoka Kasai kufanya kazi ya madini, na watoto wake wote walizaliwa hapa. Philomène alisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya musingi, kisha mama yake akaugua, na mutoto mukubwa wa kike akabaki nyumbani kama ilivyokuwa desturi. Jina lake analiandika. Namba anazijua kupita wengi. Maneno makubwa ya juu ya karatasi anaweza kuyavuta moja moja mpaka yakafika. Mistari midogo inamushinda, na hapendi mutu amukumbushe.

Mume wake Rémy alipokufa, ofisi moja ya zamani ilikuwa inafunga milango, inawagawia wajane vyombo vilivyobaki. Wengine walichukua viti, mwingine kabati, mwingine saa ya ukutani. Philomène akanyosha kidole kwenye mashine ya fotokopi. Walimucheka, wakamuuliza atatoa kopi ya nini, ya mboga? Akasema wamubebee mpaka barabarani tu. Tangu siku ile ni miaka kumi na tisa, yuko kwenye kibanda cha mabati karibu na tribinali, mahakama ya muji, yeye na mashine, na groupe, jenereta ndogo ya kutoa kurant ya umeme wakati kurant ya muji inapokwenda, na chupa ya chai. Mashine imebadilika mara tatu. Mwanamuke ni yule yule.

Mutu anayelaza karatasi kwenye kioo miaka kumi na tisa anazijua bila kuzisoma. Hukumu ina kichwa cha Jamhuri juu, kisha mistari inayoanza na neno lile lile, inashuka kama ngazi, kisha mahali peupe, kisha uamuzi umesimama peke yake. Procuration, ile karatasi ya kumupa mutu uwezo wa kukusimamia, ni fupi, ina saini mbili zinazoangaliana. Karatasi ya kuitwa mbele ya juge, hakimu wa tribinali, ina tarehe ya mukono katikati ya maneno ya mashine. Maavoka, wale mawakili, walikuwa wakimujaribu. Wanageuza karatasi juu chini, wanaipitisha mbele yake upesi, na yeye anasema bila kuweka chai yake chini: hii ya talaka, hii ya kiwanja, hii haijapigwa muhuri, irudisheni. Hakukosea mara nyingi, na alipokosea alisema karatasi ndiyo imetengenezwa vibaya.

Lakini watu wa tribinali hawakumupendea macho tu, walimupendea kinywa. Kilichopita chini ya kifuniko cha mashine yake hakikutoka. Siku moja mwanaume wa mutaa wake alikuja kumuuliza kama bibi yake alipita kutoa kopi ya cheti cha ndoa. Philomène akamuuliza ana karatasi ngapi za kutoa. Yule akarudia swali lake. Philomène naye akarudia la kwake. Mwisho mwanaume akatoa kopi ya kadi yake ya kura, asionekane amekuja bure, akaenda. Bibi yake alikuwa amepita asubuhi ile ile.

Kati ya wateja wake alikuwa Clovis, mutu wa biro ya wafanyakazi, ofisi ya kuandika watu kazi, kwenye kampuni moja ya madini, jina lake halitusaidii hapa. Kila mara kampuni ile ilipotafuta mutu wa kazi, watu waliweka dosie, fungu la karatasi za kuomba kazi, na Clovis alikuja kwa Philomène kwa sababu mashine ya biro yao ilikuwa haiishi kuugua. Wakubwa watano ndio walichagua, na kila mumoja alitaka kopi zake. Clovis alikuwa anapewa karatasi kidogo, na yeye ni mutu wa haraka. Basi alikuwa anatoa kopi ya ukurasa wa kwanza wa kila CV, na hapo anaachia. Kurasa za pili na za tatu zilibaki kwenye dosie, na dosie ilibaki kwenye kabati. Wale watano walichagua watu kwa ukurasa wa kwanza. Mara ya kwanza Philomène alimuuliza zingine ziko wapi.

"Mama," Clovis akasema, "ya mu mashini inabakia mu mashini."

Philomène akamujibu kwamba hilo alilijua kabla Clovis hajaota meno.

Sasa Deborah. Huyu ni mutoto wa mudogo wake Philomène, marehemu, na Philomène ndiye alimulea tangu ana miaka tisa. Alisoma sheria Lubumbashi, akarudi na lisansi, digrii yake, akafanya staji, kazi ya kujifunza, kwa avoka mumoja, kisha akasaidia kwenye biro ya parokia inayoandikia watu masikini karatasi zao za tribinali. Kazi ya kweli hakupata. Miaka mine aliweka dosie kumi na nne, na hakuna hata mumoja aliyemwita kumwambia hapana. Kaka yake Exaucé, anayefanya biashara ya mahindi Kapolowe, alikuwa amemutafutia nafasi ya kuuza dukani. Deborah akasema ataweka dosie moja ya mwisho. Hiyo nayo ikinyamaza, diplome inaingia sandukuni na yeye anakwenda kwenye mahindi. Aliyasema bila kulia. Philomène alimujua: kile Deborah anachosema bila kulia, anakifanya.

Dosie ya mwisho ilikuwa ya kampuni ile ya Clovis. Walitaka juriste, mutu wa sheria, mumoja wa kuandika mapatano na vijiji vilivyo karibu na kazi zao. Dosie zilipokelewa mpaka Ijumaa, saa sita ya muchana.

Jumatano Deborah alifika kibandani na CV yake, kurasa tatu. Ilipigwa na Papy wa kibanda cha pili, mwenye kompyuta. Papy alikuwa na mutindo mumoja kwa watu wote: maua pembeni, yale yale ya kadi za harusi, na juu utepe wa buluu wenye jina kwa herufi nyeupe. Chini ya utepe jina la baba, jina la mama, kijiji cha baba, sekta, teritwari, provensi ya asili, dini, hali ya ndoa, watoto hakuna. Kisha masomo, tangu darasa la kwanza la shule ya musingi, kila mwaka na mustari wake. Ukurasa wa kwanza uliishia Deborah akiwa na miaka kumi na tano. Sheria ilianza kwenye ukurasa wa pili. Na kwenye ukurasa wa tatu, chini kabisa, baada ya kuimba kwaya na kupenda kusoma, kulikuwa na mustari mumoja unaosema aliandika mapatano ya kambi mbili za wavuvi wa ziwa Tshangalele waliogombania mahali pa kutega nyavu miaka mitatu.

Philomène akalaza ukurasa wa kwanza kwenye kioo, akafunga kifuniko. Kopi ikatoka. Utepe wa buluu ulikuwa umekuwa mweusi wote kama masizi ya chungu, na jina limemezwa.

"Jina yako iko wapi?" akauliza.

Deborah akasema kopi ni kopi, kule wataona karatasi yenyewe. Philomène akaiweka ile kopi pembeni. Akamwambia amusomee mistari yote, moja moja, polepole.

Ilikuwa mistari mirefu. Deborah alikuwa amepata heshima ya kushiriki, kwa namna moja ao ingine, katika maandalizi ya nyaraka mbalimbali za kisheria. Philomène akamusimamisha hapo.

"Hizo karatasi, nani aliziandika?"

"Ni minye."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Avoka alikuwa anatia saini tu."

"Sasa juu ya nini hausemi niliandika?"

Deborah akamwelezea kwamba mutu hajisifu, watasema ana kiburi. Philomène akasema amesikiliza maavoka kupitia dirisha la tribinali miaka yote hii, na yule anayesema mimi nilishiriki kwa namna moja ao ingine, juge anaanza kuangalia nzi. Akamuuliza aliandika ngapi. Deborah hakujua. Akatoa daftari yake ya staji, akahesabu pale pale kwenye benchi, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika, maana hakuwa amejihesabu hata siku moja. Mashitaka thelathini na moja. Mikataba kumi na mbili. Kesi tisa za viwanja zilizoisha kwa mapatano bila kufika kwa juge. Akachukua kalamu ya risasi, akakata heshima ya kushiriki, akaandika niliandika. Utepe nao akakubali uondoke. Mpaka hapo walikuwa wanaelewana.

Kisha Philomène akasema ya sheria yote ipande kwenye ukurasa wa kwanza. Kijiji cha baba kishuke. Shule ya musingi itoke.

Deborah akakataa. CV ina utaratibu wake, akasema, hata profesa aliwafundisha hivyo: mutu kwanza, masomo baadaye, kazi mwisho. Na mutu anayeficha asili yake kwa nchi hii, watu wanaanza kuuliza anaficha nini.

"Kule kijijini ulisha kulala hata siku moja?" Philomène akauliza.

"Hapana."

"Na minye hapana. Basi ikae chini, haitakimbia."

"Mama mukubwa, juu ya nini unakaza vile? Nipe sababu moja tu. Moja."

Sababu ilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Ilikuwa ni maneno machache, na Deborah angekimbia mwenyewe kwa Papy. Philomène alifungua kinywa. Akamufikiria yule mwanamuke wa cheti cha ndoa, na wengine ambao karatasi zao zilipita na hazikusikika tena. Akifungua kwa mutoto wake, kesho atafungua kwa mutoto wa jirani, na kesho kutwa atakuwa mwanamuke anayejua kusema. Tena watu wengine wataweka dosie kwenye nafasi ile ile, na wale hawana mama mukubwa wa kuwaambia. Akafunga kinywa.

"Sababu ni kwamba nimesema."

Deborah alikusanya karatasi zake. Alikuwa amechoka miaka mine, na uchovu ndio ulisema.

"Weye hata kusoma haujue."

Watu wawili waliokuwa wanangojea nje wakaangalia viatu vyao. Philomène akachukua ile kopi nyeusi, akaikunja mara mbili, akamupa hiyo nayo.

"Sijue kusoma," akasema. "Lakini mashini ni yangu. Itatoa ukurasa mumoja ya CV yako. Ukitaka ya pili, kuko mashini ingine mu muji."

Jioni ile na ya kesho yake walikula bukari, ugali wetu, sahani moja bila kusemeshana, na wanaojua namna bukari inavyokatwa na kuchovya wanajua kwamba si rahisi. Deborah aliendelea na utaratibu wake wa profesa. Philomène aliendelea kukaa na sababu yake.

Ijumaa kurant ilikwenda saa mbili asubuhi, mutaa muzima. Imprimante ya Papy, mashine yake ya kuchapa, ikalala. Deborah alizunguka mpaka karibu na soko. Kibanda kimoja kilikuwa na groupe lakini hakina wino, kingine kina wino lakini mwenyewe amekwenda matanga na funguo. Saa nne kasoro alikuwa amesimama mulangoni kwa Philomène, na nyuma yake Papy amebeba kompyuta kifuani na imprimante kwenye mufuko wa unga.

"Mama Philo," Papy akasema, "tumekuletea mugonjwa."

Philomène hakumwangalia Papy. Akamuuliza Deborah, "Kurasa ngapi?"

"Tatu."

Philomène akamimina chai. Akaipuliza.

"Mbili," Deborah akasema.

Philomène akakunywa. Papy akatafuta mahali pa kuweka imprimante, akaona hakuna anayemusaidia, akabaki nayo.

"Mama mukubwa, saa sita banafunga."

"Saa naijua. Namba najua kuzisoma."

Deborah akaangalia barabara kulia na kushoto. Hakukuwa na mulio wa groupe nyingine.

"Moja," akasema.

Philomène akasimama, akavuta kamba ya groupe. Mara ya tatu ikakubali.

Walifanya kazi watatu. Papy alilia maua yake, akasema bila maua karatasi itakuwa uchi, watu watafikiri hana mashine nzuri. Philomène akamwambia ayaweke kwa bibi harusi. Jina likaandikwa kubwa, jeusi juu ya cheupe. Chini yake mustari mumoja: juriste, mikataba na mapatano ya vijiji. Kisha kile alichofanya, mapatano ya Tshangalele yakiwa mbele ya yote, kambi ngapi, familia ngapi, na kwamba mpaka leo hayajavunjwa. Kisha mashitaka na mikataba na namba zake. Kisha lisansi. Kisha staji na parokia, mwaka na mwezi, zote upande mumoja, zinafuatana kama vifungo vya shati. Lugha nne. Chini kabisa, mistari miwili: alizaliwa Likasi, wazazi wake nani, asili wapi. Hakuficha kitu.

Ukurasa ulipotoka, Philomène aliushika kwa mukono ulionyooka, akarudi hatua mbili nyuma. Akasema katikati pamesongamana, jicho halipati pa kupumzika. Papy akafungua nafasi. Wa pili ulipotoka, akasema maneno mazito ni mengi, kila mustari unapiga kelele, hakuna unaosikika. Papy akabakiza mazito kwenye jina na vichwa vitatu. Wa tatu aliushika kwa muda mrefu, kisha akaulaza kwenye kioo cha mashine yake, akatoa kopi. Kopi ilikuwa safi kama karatasi yenyewe.

"Ile," akasema.

Deborah alisaini, akatia kopi ya diplome nyuma, akapanda motopikipiki. Dosie ilipokelewa saa sita kasoro dakika ishirini. Hakuwa ameomba pardon, na Philomène hakuwa ameidai.

Jumanne iliyofuata Clovis alifika na fungu lake. Kurasa sitini na tatu, kila moja kopi tano. Philomène akafuta kioo kwa kitambaa, akaanza. Maua ya Papy yalipita, tepe za buluu zikapita na kuwa masizi. Baba wa fulani, kijiji fulani, darasa la kwanza, la pili, la tatu. Watu wenye lisansi zao walipita pale wakiwa bado watoto wa shule. Wa arobaini na saba ulikuwa wa Deborah. Philomène aliutambua kabla haujafika kwenye kioo.

Clovis alikuwa nje, anaongea na simu. Fungu lilikuwa mikononi mwa Philomène. Kuutoa wa arobaini na saba na kuuweka juu ya zingine ingekuwa kazi ya dakika moja, na nani angehesabu? Philomène akatoa kopi tano, akaurudisha palepale ulipokuwa, kati ya wa arobaini na sita na wa arobaini na nane. Kabla ya wa arobaini na nane akafuta kioo tena, maana kilikuwa na vumbi.

Majuma matatu yakapita. Waliita watu sita kwenye mutihani, Deborah mumoja wao. Kisha waliita watu wawili kuzungumuza. Mumoja wa wale wakubwa watano, mwanamuke, alikuwa na karatasi ya Deborah mbele yake, na kidole kimewekwa kwenye Tshangalele. Akamuuliza namna alivyowakalisha wavuvi wale pamoja. Deborah akaongea nusu saa. Wakamuchukua.

Alikuja kibandani mwenyewe kusema. Aliomba pardon kwa neno lile la kusoma, mbele ya watu, kwa sababu lilisemwa mbele ya watu. Philomène akasema amesikia. Kisha Deborah akamuuliza polepole alijua namna gani kwamba ukurasa mumoja ungetosha.

"Weye ndiye juriste," Philomène akasema. "Tafuta."

Hakutafuta sana. Leo yuko na biro, na dirisha, na jina mulangoni. Anawaambia vijana kwamba CV ya mutu wa sheria iwe ukurasa mumoja, alivyofanya yeye. Clovis alihamia Kolwezi. Kampuni inapokea dosie kwa kompyuta, kabati imeuzwa, hakuna anayekuja tena na fungu. Siri ile ikabaki haina mutu wa kuumia nayo, na ndipo Philomène aliisema, mara moja, kwa mutu mumoja, mimi, wakati wa kuponda sombe, majani ya muhogo. Deborah ataijua hapa, akisoma.

Sasa weye uliyefika mpaka mustari huu, sikukuandikia ufurahi na kwenda kulala. Kama unatafuta kazi, chukua CV yako leo, funika yote isipokuwa ukurasa wa kwanza, umupe mutu asiyekujua, na umuulize unafanya kazi gani. Akishindwa, andika upya. Na kama ni weye unayechagua watu, nenda ufungue kabati yako, utoe zile kurasa za pili na za tatu, uzisome zote, hata za miaka iliyopita, kisha uniandikie ni watu wangapi uliowakuta humo ndani. Nangojea.